Karma Hairudishi Pesa

Januari 2019, siku mbili kabla ya watoto wa kidato cha kwanza kuripoti shule, simu yangu ililia nikiwa bado kitandani. Ilikuwa meseji ya M-Pesa. Nimepokea shilingi 4,500 kutoka kwa mama ambaye simjui. Nilikuwa na miaka 21, mwaka wa pili chuo, naishi bedsita hapa Kapsoya, na kabla ya hiyo meseji nilikuwa na shilingi 37 kwa simu. Nikalala kidogo nikiangalia mabati. Halafu simu ikaanza kupigwa.

Sikushika. Niliamka, nikavaa slipasi, nikaenda kwa ejenti na kutoa pesa yote. Kila Mkenya anajua hiyo mbio. Aliyekosea nambari anatuma ile meseji kwa 456 akiomba pesa irudishwe, na aliyepokea, kama ana roho kama yangu ya siku hiyo, anakimbia kutoa. Nilifika kwanza.

Alipiga mara nyingi. Baadaye akatuma meseji: hiyo ni pesa ya shule ya mtoto, tafadhali nirudishie, Mungu akubariki. Nilisave nambari yake kwa jina "Usishike". Pesa ikaenda kwa kodi, kwa unga, na kwa viatu ambavyo sikuvihitaji sana.

Mwaka uliofuata niliacha chuo. Siku moja nikamsimulia jirani yangu kisa cha ile 4,500. Huyu ni jamaa wa boda, tunakaa ploti moja, na tunaambiana mambo ambayo hatuwezi kuambia watu wa nyumbani. Alicheka, akatikisa kichwa, akasema: "Buda, si ni karma hiyo. Ulikula karo ya mtoto wa watu, na yako ikaliwa."

Alisema kwa mzaha, lakini yalinikaa. Kuna usiku nililala nikipiga hesabu: 4,500 kwa digrii nzima, hii riba ni ya wapi? Na kuna usiku mwingine, ambao naona aibu zaidi kuukiri, nililala vizuri kwa sababu ya hayo maneno. Kama kuacha chuo kulikuwa ndiyo malipo, basi nimeshalipa. Deni limeisha. Sidaiwi.

Nimeandika hii kwa sababu ya huo usiku wa pili.

*

Neno karma limetoka mbali, lakini wazo lenyewe lilitukuta nalo. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nyuma ya matatu utasoma kwamba malipo ni hapa hapa duniani. Kanisani ni habari ya kupanda na kuvuna. Wakalenjin, wenyeji wa huku kwetu, wana muma, kiapo kizito ambacho ukikila kwa uongo inaaminika hakikuachi, na kinaweza kufuata hata watoto wako ambao hawakuwepo ukiapa. Kwa hivyo karma ilipoletwa na filamu na mitandao, ilikuta kiti kimeshawekwa sebuleni.

Sasa angalia tunavyoitumia. Mwizi wa simu akianguka na pikipiki akitoroka, karma. Mpenzi aliyekuacha akiachwa, karma. Tajiri aliyenyang'anya watu shamba akipata kiharusi, karma, na hapo hata wazee wanatingisha kichwa. Na ukidhulumiwa na mtu ambaye huwezi kumfanya lolote, unaambiwa tulia, karma itampata.

Naelewa kwa nini tunaipenda. Ukiibiwa hapa, kwenda kuripoti ni nauli, ni siku nzima ya kazi imepotea, na mara nyingi ni kurudi nyumbani na nambari ya OB tu. Karma ni mahakama ya mtu asiye na wakili. Haiombi chai, haiahirishi kesi, haijali jina lako la mwisho. Mtu aliyekosa haki mahali pote akikwambia anaamini karma, usimcheke.

Lakini je, inaweza kubeba maadili yetu? Kizazi hiki kuna wengi ambao hawaendi tena kanisani, na hawataki kuambiwa "usiibe kwa sababu utachomwa". Wanatafuta kitu cha kusimamia. Karma inaonekana kama jibu safi: hakuna mchungaji, hakuna sadaka, kuna tendo na matokeo yake tu. Nilikuwa mmoja wao. Ndiyo maana nilienda kusoma.

*

Niseme ukweli, sikuenda kusoma kwa kiu ya hekima. Nililipwa.

Baada ya kuacha chuo niliingia kazi ambayo imelisha vijana wengi wa Eldoret: kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Yeye analala Marekani, mimi nakesha Kapsoya, asubuhi anawasilisha kazi yangu kwa jina lake. Siku moja ikaja kazi ya kurasa nane: je, wazo la Kibudha la karma linaweza kuwa msingi wa maadili ya kisasa? Dola tano kwa ukurasa, saa thelathini. Nikaichukua. Sikuona kichekesho chake hadi nilipofika ukurasa wa tatu. Mwanafunzi alikuwa ananunua maadili kwa mtu aliyekula karo ya mtoto.

Nilichokuta huko si kile tunachokiita karma mtaani.

Kwa Kisanskriti, karma maana yake ni tendo tu. Kabla ya Budha, makuhani wa India waliitumia sana kwa matendo ya ibada: ukitoa kafara sawasawa, matokeo yanakuja sawasawa. Budha, yapata miaka 2,500 iliyopita, aliligeuza hilo neno. Yeye alisema karma ni nia. Ukimkanyaga mtu mguu kwa bahati mbaya na ukimkanyaga makusudi, mguu unauma vilevile, lakini umefanya mambo mawili tofauti. Kinachohesabika kinaanzia ndani, kabla mguu haujashuka.

Cha pili kilinishtua zaidi. Kuna mazungumzo ya zamani ambapo mtu mmoja aitwaye Sivaka anamuuliza Budha: je, ni kweli wanavyosema wengine, kwamba kila tunachohisi, kizuri au kibaya, kinatokana na matendo yetu ya zamani? Budha anakataa. Anataja sababu nane za maumivu ya watu. Ziko za mwili, ambazo waganga wa wakati huo waliziita nyongo, kohozi na upepo. Kuna mabadiliko ya majira. Kuna kutojitunza. Kuna kushambuliwa na mtu mwingine. Karma iko, lakini ni moja kati ya nane. Anayesema yote ni karma, anasema Budha, amevuka mpaka wa anachokijua.

Nilisoma hapo mara mbili, kisha nikamfikiria jirani yangu wa boda. Machi 2020 vyuo vilifungwa. Mwezi huohuo serikali ikapiga marufuku kuingiza mitumba nchini, na marufuku ikakaa hadi Agosti. Mamangu anauza mitumba, na ndiyo iliyokuwa inanilipia karo. Vyuo vilipofunguliwa, yeye alikuwa ameshakula mtaji, na mimi sikurudi. Sasa, kama hiyo ilikuwa karma yangu, inabidi tuseme dunia nzima ilifungiwa nyumbani ili mimi nilipie 4,500. Na mamangu? Yeye hata hakujua habari ya hiyo pesa. Alipoteza kibanda kwa kosa la nani?

Basi jirani yangu alikosea, na anayesema hivyo ni Budha mwenyewe. Ilikuwa ugonjwa, ilikuwa amri ya serikali, ilikuwa mtaji mdogo.

Ungefikiri nilifurahi. Kumbe ndipo nilipopoteza ule usingizi mzuri. Kama kuacha chuo hakukuwa malipo, basi bado nadaiwa.

*

Kosa la jirani yangu lilikuwa dogo, na lilinigusa mimi tu. Lakini hilo kosa likikua, ni hatari. Ukishasema kila anayeumia anavuna alichopanda, lazima umtazame kila aliyeumia na kumuuliza: ulifanya nini?

India walilijua hilo. B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, alizaliwa katika jamii iliyoitwa "isiyoguswa". Kwa karne nyingi watu wa jamii hiyo waliambiwa wako chini kwa sababu ya makosa ya maisha yaliyopita. Oktoba 14, 1956, pale Nagpur, Ambedkar aliingia dini ya Kibudha pamoja na mamia ya maelfu ya watu wake. Lakini hakulimeza kila kitu. Kwenye kitabu chake kuhusu Budha, kilichotoka mwaka uliofuata yeye akiwa ameshafariki, anaikataa ile karma ya maisha yaliyopita. Hoja yake ni rahisi: ukimwambia maskini umaskini wake ni matokeo ya matendo yake ya zamani, jamii na serikali zimeshanawa mikono.

Sisi hatuna haja ya kwenda Nagpur. Tuko na Kiambaa.

Januari 1, 2008, nje kidogo ya mji wetu, kanisa la Kenya Assemblies of God pale Kiambaa lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo kujificha, wengi wao wanawake na watoto. Nilikuwa na miaka 10. Nakumbuka moshi kila upande wa mji, na maelfu ya watu wakilala kwenye uwanja wa maonyesho. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika vurugu zile. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia washtakiwa wanne wa kesi ya Kiambaa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Aprili 5, 2016, kule The Hague, majaji wa ICC wakaisitisha kesi iliyohusu vurugu za upande wetu, dhidi ya William Ruto na Joshua Sang, kwa kuona ushahidi hautoshi kuendelea. Mahakama ikikosa ushahidi, inaachilia, na ndivyo sheria inavyotaka. Lakini kanisa halikujichoma.

Watoto waliokuwa ndani walipanda nini? Hapa hata anayependa karma sana ananyamaza. Mtu akijaribu kujibu, mwache, usiendelee na hayo mazungumzo.

Wengi hawaulizi hivyo, nashukuru. Wao wanaigeuza upande wa pili: waliofanya wamelipwa tayari. Nimekua nikisikia hizo hesabu kwenye vibanda vya chai. Ati fulani alipata ajali. Ati mwingine alirukwa na akili. Ati yule mwingine kisukari kimemla mguu. Hatuhesabu wale wanaozeeka vizuri na ng'ombe wao. Hatuhesabu pia watu wema waliokatwa mguu na kisukari hichohicho.

Lakini tuseme ni kweli. Tuseme kila aliyeshika kiberiti siku hiyo amepata ajali au wazimu. Mama aliyempoteza mtoto Kiambaa amepata nini? Mguu wa mtu mwingine kukatwa haumjengei nyumba. Haumwambii ni nani aliyefanya. Hakuna aliyesimama mbele yake akasema "ni mimi". Kisukari hakiombi msamaha.

Hapo ndipo naona ufa. Karma, hata ikifanya kazi kikamilifu, inamshughulikia aliyetenda. Aliyetendewa hayumo. Ni kama mechi inayochezwa kati yangu na ulimwengu, na yule niliyemuumiza ni uwanja tu tunaochezea. Mimi natenda, ulimwengu unanirudishia, tunasawazisha. Kwenye hesabu hiyo yote, 4,500 ya yule mama haionekani popote.

*

Lakini sitaki kuitupa karma yote. Ile ya Budha, yenye nia ndani, ilinionyesha kitu ambacho mahubiri mengi hayakunionyesha.

Ile Januari sikujifunza kuiba. Nilijifunza kutoshika simu. Mara ya kwanza mikono ilitetemeka. Mara ya pili ilikuwa wale wa mkopo wa simu, haikutetemeka. Halafu nikaacha kushika za mwenye nyumba. Halafu za rafiki aliyenikopesha. Kuna wiki nzima mwaka 2021 sikushika simu ya mamangu, kwa sababu nilijua ataniuliza kama nimekula na sikutaka kudanganya. Hakuna ulimwengu ulioniadhibu. Nilikuwa najijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na nikawa mtu asiyeshika simu. Kuandika insha za wengine kulinijia rahisi vilevile, njia ilikuwa imeshafyekwa.

Hiyo karma naiamini. Haihitaji maisha ya pili wala mizani angani. Unachofanya leo kinakufanya uwe mtu ambaye kesho atakifanya tena kwa urahisi zaidi. Budha ana mfano mzuri hapo: weka donge la chumvi kwenye kikombe cha maji, hayanyweki. Weka donge hilohilo kwenye mto mkubwa, hutasikia ladha. Yeye alitaja Ganges, sisi tuseme Sosiani ikiwa imefurika. Kosa ni lilelile. Swali ni wewe umekuwa kikombe au mto, umepanuka kiasi gani tangu ulipokosa. Kwa mfano huo mtu hahukumiwi milele kwa kosa moja, na sijui mtu wa umri wetu ambaye hahitaji kusikia hivyo.

Na bado haitoshi. Ukiniuliza kwa nini nisingekula ile pesa, majibu yote ya karma yananihusu mimi: ningeharibika roho, ningejizoesha vibaya, ingenirudi. Yote ni kweli pengine. Lakini jibu la kwanza kabisa, ambalo hata mtoto wa darasa la pili angelitoa, ni kwamba ile pesa ilikuwa yake.

Mbudha mwenye kujua dini yake angenikatiza hapa. Nao wako karibu kuliko tunavyofikiri: Dar es Salaam kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka zamani za ukoloni, na upande wa Entebbe kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, mtawa Mganda. Angeniambia Ubudha si karma peke yake, kuna huruma, kuna kuyaona maumivu ya mwingine kama yako. Nakubali. Lakini basi kinachobeba nyumba ni huruma. Karma inanieleza jinsi matendo yanavyonijenga. Haiwezi kunieleza kwa nini yule mama ana maana, na bila hilo naweza kuwa mto mtulivu kabisa, nakaa miguu nimekunja, napumua taratibu, na pesa za watu mfukoni.

*

Mwezi uliopita niliitafuta ile nambari. Bado ilikuwa kwa simu, "Usishike". Nilikuwa nimebadilisha simu mara tatu na kila mara nikaihamisha na nambari zingine.

Nilikaa nayo siku mbili. Nilitaka kutuma pesa tu bila kuongea, halafu nikaona hiyo nayo ni njia ya kutoshika simu. Nikapiga. Ilishikwa mara ya kwanza.

"Hallo, mama. Shikamoo." Huku kwetu hatusemi shikamoo sana. Sijui ilitoka wapi.

"Marahaba. Ni nani?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa matusi, kwa "nimekusamehe mwanangu". Alinyamaza, nikasikia redio nyuma yake.

"Ile ya fomu wani?" akauliza.

"Ndio, mama."

"Alikaa nyumbani wiki tatu." Hakuongeza sauti. "Tukakopa kwa chama. Hiyo riba ndiyo ilinisumbua."

Nikamuuliza mtoto yuko wapi. Akasema alimaliza fomu foo 2022, sasa anafanya kazi Nairobi. Hakuniambia kazi gani na sikuuliza, haikuwa haki yangu kujua. Nikamwambia samahani. Hakujibu hilo. Nikamwambia nataka kumtumia ile 4,500 leo, na ya riba aniambie ilikuwa ngapi nitalipa polepole.

Sijawa mto. Wiki hiyohiyo nilikuwa na insha mbili za watu wa ng'ambo mezani, na nilizimaliza, kwa sababu kodi haingoji falsafa. Hilo bado linanisubiri. Wala sidhani kwamba 4,500 ya leo ni sawa na 4,500 ya Januari 2019, mtoto akiwa amekaa kwa sanduku lake akingoja. Hizo wiki tatu sina jinsi ya kuzirudisha, na hakuna ajali itakayonipata ambayo ingemrudishia.

Alifikiria kidogo.

"Ya riba achana nayo," akasema. "Hiyo ingine tuma. Na uweke ya kutoa."

Nikatuma, na ya kutoa.